Mashine ya Makaburini Ilivyoamka Jumatatu

Kompyuta ya ofisi ya makaburi ilikuwa na jina. Karani aliiita Mzee, na hakuna aliyemkatalia, maana walikuwa wamezeekea pamoja katika chumba kile kile chenye dirisha moja, meza moja, na benchi la wafiwa lililopauka rangi kwa kukaliwa.

Mzee alikuwa mzito wa kuamka. Ukimbonyeza kitufe alikohoa kwanza, feni ikakwaruza kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, akatoa mlio mmoja mfupi, kisha kioo kikawa cheusi tii na maandishi meupe yakajipanga juu. Karani hakujua yale maandishi yanasema nini. Shule yake iliishia darasa la saba, na Kiingereza chake kilitosha kusoma boksi la sabuni. Lakini alifundishwa, na alichofundishwa alikishika: ukiona cheusi chenye meupe, bonyeza F1. Mzee asiposikia, bonyeza tena. Kwa hiyo miaka yote hiyo alikuwa akibonyeza, mara moja au mara mbili, huku akivua kitambaa cha kichwani kwa mkono mwingine, mpaka picha ya maua itokee. Maua yakitokea, kazi imeanza.

Fundi wa kompyuta wa ofisi zote za halmashauri alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pili. Kijana wa watu, mpole, hakuweza kumwambia mama mkwe "fanya hivi" bila kuzunguka mbuyu mara tatu. Siku moja alipokuja kupuliza vumbi ndani ya Mzee, karani alimuuliza kwa nini mashine inauliza swali lile lile kila asubuhi.

"Ina kibetri humo ndani, mama, kidogo kama kifungo cha koti. Kimekufa. Sasa ikizimwa kabisa inasahau."

"Inasahau nini?"

"Hata yenyewe haijijui. Ukiiwasha haina kitu kichwani. Kuna maandishi machache yaliyokazwa kwenye ubao wake, hayo ndiyo yanayoamka kwanza. Yanakagua: kibodi ipo? Kioo kipo? Yakimaliza yanapita mlango kwa mlango yakiuliza, nani ana maagizo ya leo? Diski ikijibu, yanasoma ukurasa wake wa mwanzo kabisa. Ukurasa mdogo, mama, mistari haizidi ya barua ya posa. Huo unasema, nenda pale, kamwamshe mwenzangu mkubwa. Mwenzake naye anamwamsha mkubwa zaidi. Ndivyo hivyo mpaka maua."

Karani alipenda vitendawili kuliko chai. Hakuweza kuliacha jambo kama lile lipite hivi hivi.

"Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Bawabu wangu hajui jana wala juzi, humfungulia atakayegonga wa kwanza."

Fundi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Huyo huyo! Umempata."

"Na akigonga mwizi?"

"Atamfungulia."

"Hamuulizi umetoka wapi?"

"Hana habari, mama. Mwenye maagizo ndiye mwenye nyumba."

Wakacheka wote wawili, na fundi akaenda zake. Kibetri hakikubadilishwa, kwa sababu ombi la kibetri lilihitaji sahihi tatu, na sahihi ya tatu ilikuwa ya mtu aliye likizo.

Sasa, huko nyuma ya ofisi, upande wa bondeni, kulikuwa na safu ambazo hakuna aliyezizuru. Zilikuwa za mwaka wa homa. Mwaka ule watu walizikwa na wanaume waliovaa plastiki mwili mzima, ndugu hawakuruhusiwa kusogea, na juu ya kila kaburi kilichomekwa kibati chenye namba, hakuna jina. Majina yalipitishwa kwa karani dirishani, kwenye vikaratasi vilivyonyunyiziwa dawa, naye akayachapa kwa vidole viwili: namba, jina, tarehe. Mia mbili na kumi na mbili. Kaka yake mwenyewe alipita dirishani namna hiyo hiyo, katika wiki ya kwanza. Alilichapa jina lake kama mengine, akashuka mstari. Tangu siku ile, kila alipoifungua ile orodha, aliipita sehemu ya juu harakaharaka, uso kaugeuzia dirishani. Alijua namba ya kaka yake imo. Kuitazama hakuweza.

Baadaye waya ulishika moto ukutani ukaunguza kabati la madaftari, vikaratasi na vyote. Mzee alinusurika kwa kuwa alikuwa upande wa pili wa chumba. Tangu moto ule ikawa amri ya ofisi: saa tisa na nusu, kila plagi ichomolewe na ining'inizwe kwenye egemeo la kiti, ili mlinzi akipita dirishani aione kwa macho. Karani hakuwahi kuisahau hata siku moja. Hata binti yake alipokuwa leba, aliomba ruhusa, akafika mlangoni, akarudi kuchomoa.

Halafu ikaja barua ya barabara. Barabara mpya itapita bondeni. Makaburi ya homa yatahamishwa Jumatatu. Ndugu wafike na namba ya marehemu wao, wampe msimamizi wa kazi kabla ya saa nne asubuhi, wakabidhiwe mifupa yao wakaizike wanakotaka. Ambaye namba yake haitatajwa, atakwenda pamoja na wengine kwenye shimo moja nje ya mji.

Wifi yake karani, mjane wa kaka yake, alipiga simu Ijumaa asubuhi. "Nipe namba yangu sasa hivi niiandike mkononi."

"Wifi, tulia. Printa imeishiwa wino, wanaleta Jumatatu. Nitakupa karatasi yenye muhuri. Imo ndani ya mashine, itakimbilia wapi?"

Ukweli ni kwamba wino haukuwa na neno. Alikuwa anaogopa kuitazama namba ile peke yake. Akaona bora waitazame wawili.

Ijumaa hiyo hiyo mchana fundi alikuja. Halmashauri ilikuwa imeagiza mashine zote ziwekewe mfumo mpya, naye alikuwa na flashi moja aliyoitengeneza kwa kazi hiyo. Aliichomeka nyuma ya Mzee, akabonyezabonyeza, akapiga miayo.

"Mama, leo sigusi kitu. Diski ya nje ya kuchukulia nakala nimeiacha kwenye ofisi ya maji. Jumatatu saa tatu nakuja nayo, nachukua nakala ya orodha zako zote, ndipo niweke mfumo mpya. Hii flashi naiacha hapa hapa, nikitembea nayo itapotea. Nimeshaipanga mashine ianzie kwenye diski yake, kwa hiyo wewe endelea kama kawaida."

"Kama kawaida," karani alirudia, akaridhika, maana kwa kawaida alikuwa hodari.

Saa tisa na nusu ilipofika akachomoa plagi, akaining'iniza kwenye egemeo la kiti.

Jumatatu alipofika, watu walikuwa wamejaa tangu ukutani hadi langoni. Wengine wana masanduku madogo ya mbao, wengine mashuka, mzee mmoja kabeba begi la shule. Hawakuwa na kelele. Kule bondeni katapila lilikuwa limeshashuka kwenye lori, limeinamisha kijiko chini, kimya. Msimamizi, mwenye kofia ngumu ya njano, alimwamkia karani kwa heshima zote, kisha akatazama saa yake.

"Saa nne, mama. Mimi mwenyewe nimepangiwa."

Wifi alikuwa ameshaingia, ameshakaa benchini, kisanduku magotini na shuka jeupe juu yake.

"Shikamoo yako iko wapi?" karani akamchokoza.

"Niamkiwe mimi, nimefika kabla yako. Washa hilo babu lako."

Karani akainama, akachomeka plagi, akabonyeza kitufe. Mzee akakohoa. Feni ikakwaruza.

"Limelala au limekufa?" wifi akauliza.

"Linajinyoosha. Kama wewe ulivyokuwa ukijinyoosha kwa kaka yangu mpaka jua linaingia dirishani."

"Kaka yako ndiye aliyekuwa hanipi nafasi ya kutoka!"

Wakacheka, na kicheko kikawatoka kidogo kuliko walivyotaka. Mlio mfupi ukalia. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakajipanga. Karani, macho kwa wifi yake, mkono kwenye kitambaa cha kichwani, akabonyeza F1.

Kioo kikafumba, kikafumbua. Cheusi tena. Meupe tena, ila safari hii mstari mmoja tu, na mwisho wake vinukta vikaongezeka kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu kwa sauti ya chini. Kimoja. Viwili.

"Hakunisikia," karani akasema. Akabonyeza tena.

Vinukta vikasimama.

Maua hayakutokea. Badala yake kioo kikawa cha buluu, kisafi, kizuri kuliko alivyowahi kukiona, na katikati ukatokea mstari mwembamba ulioanza kutambaa kutoka kushoto kwenda kulia, pole pole, na namba chini yake: tatu, nne, tano.

"Mh! Leo kavaa," wifi akasema.

"Ndiyo mpya hiyo. Mkwe wetu kaipamba." Karani alifurahi kidogo. Lakini akasogeza kiti, akatega sikio. Mzee hakuwahi kuwa na haraka, na sasa ndani ya kile kiboksi kulikuwa na mlio asioujua: taratibu, bila kupumzika, kama panya anayekula kitu kikubwa na hana wa kumfukuza. Kumi na moja. Kumi na mbili. Akabonyeza F1. Mstari haukujali. Akabonyeza tena. Haukujali.

"Ngoja imalize," wifi akasema.

Wakangoja. Nje mtu alikohoa. Ishirini na nane. Karani akatoa simu, akampigia mkwewe, akamweleza kwa maneno aliyonayo: kioo cha buluu, mstari, namba.

"Mama, ulichomoa plagi Ijumaa?"

"Sasa baba, nisiichomoe kwa nini?"

"Chomoa sasa. Mama, usizime kwa kitufe. Chomoa waya ukutani. Chomoa!"

Alikuwa hajawahi kumpandishia sauti. Karani akajitupa chini ya meza na magoti yake yote mabovu, akauvuta waya ukatoka na ganda la ukuta. Mlio ukakatika. Nje, watu waliokuwa ukutani waligeuka kutazama dirishani.

Namba ya mwisho wifi aliiona: thelathini na sita.

Fundi alifika amelowa jasho, pikipiki akaiacha imelala njiani. Hakumsalimu mtu. Alichomoa ile flashi nyuma, akaitazama kiganjani kama aliyeokota nyoka, akachomeka nyingine. Akamwamsha Mzee kwa hiyo, bila kuigusa diski, akaanza kupekua. Alizungumza huku anapekua, na hakumtazama mama mkwe usoni.

"Niliipanga ianzie kwenye diski. Lakini mpangilio huo ndio unaokaa kwenye kumbukumbu ya kibetri. Kibetri kimekufa, umeme wa ukutani ndio uliokuwa unakishikia. Ulipochomoa ukasahaulika. Leo imerudi kwenye desturi yake ya kiwandani: kwanza itazame nyuma, kuna flashi? Ikaikuta."

"Wewe uliniambia kama kawaida."

"Nilikuambia, mama."

"Na plagi kila siku unaiona kitini."

"Naiona." Akafuta jasho kwa bega. "Flashi yangu haiulizi maswali. Ofisi arobaini, ningejibu maswali ningezeeka. Inasema kitu kimoja tu: bonyeza kitufe chochote nianze. Inangoja sekunde tano. Usipobonyeza, inajiondokea yenyewe na mashine inakwenda kwenye diski yake."

Karani akavitazama vidole vyake. "Ningekaa tu?"

Fundi akainamia kibodi.

"Ningekaa hivi, mikono mapajani, hesabu ya tano?"

"Mama, acha nitafute."

Saa tatu ikapita. Kule bondeni katapila likawashwa, likanguruma mahali pamoja bila kusogea, na kioo cha dirisha kikaanza kutetemeka kwenye fremu yake. Saa tatu na robo fundi akasema, "Nimepata."

Wifi akasimama, kisanduku nusura kianguke.

"Nimepata vipande. Mfumo mpya umeandikwa juu ya mwanzo wa diski, na mwanzo wa orodha ulikuwa huko. Kilichobaki kimeanzia..." Akasogeza kidole kwenye kioo. "Tisini na saba. Tisini na saba mpaka mwisho, yote ipo, majina na tarehe. Moja hadi tisini na sita hakuna. Si kwamba pamefichika, mama. Pameandikwa kitu kingine juu yake."

Wiki ya kwanza. Wote watatu walijua namba ya kaka ilikuwa humo. Namba za wiki ya kwanza hazikufika hata hamsini.

Karani alifanya kazi yake. Hilo watu wengi baadaye walilisema: alifanya kazi yake. Alichukua kalamu, akakaa dirishani, fundi akasoma kwenye kioo, yeye akaandika kwenye fomu na kugonga muhuri, mmoja baada ya mwingine. Mia moja na tatu. Mia na hamsini. Mia mbili na saba. Watu walipokea karatasi zao kwa mikono miwili na kuteremka bondeni karibu wakikimbia. Yule mzee wa begi la shule alipata ya kwake, akaibusu karatasi, akamwombea karani maisha marefu, na karani akaitikia amina huku akitazama chini.

Watu wa ukutani wakapungua. Mwishowe wakabaki wale ambao majina yao fundi aliyatafuta mara mbili na kutikisa kichwa. Kama ishirini hivi. Walijikusanya karibu na dirisha, hawajaelewa bado, au wameelewa na wanangoja waambiwe vinginevyo. Msimamizi akapanda kutoka bondeni, kofia mkononi.

"Mama, dakika kumi. Wasio na namba niwahesabie kwenye shimo?"

Wifi akaja akasimama mbele ya meza. Akaweka kisanduku juu ya fomu.

"Niandikie."

"Wifi, umesikia. Haipo."

"Sikuuliza kama ipo. Niandikie."

"Namba gani?"

"Yoyote ya wiki ile. Wewe unaijua wiki ile ilianzia wapi na kuishia wapi. Andika, ugonge muhuri, nikampe yule mtu, anipe nilichokuja kuchukua. Siwezi kurudi na kisanduku kitupu kwa watoto wa kaka yako. Mimi siwezi, wifi. Kawaambie wewe."

"Utamzika mume wa mtu."

"Nitamzika vizuri."

Fundi aligeuka kwenye kiti. "Mama..."

"Wewe kaa kimya," karani akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kwake pia kumfokea.

Alisogeza kisanduku pembeni. Chepesi, mbao laini, seremala alikuwa amekipiga msasa mpaka kona. Akafikiri, ningemsomea Ijumaa kwenye simu, ilikuwa ni kusoma tu namba. Kalamu ikaandika thelathini na nane. Muhuri ukagonga, na kwa sikio lake uligonga sawasawa na ulivyogonga kwa wale wengine wote.

Wifi akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akatoka bila kuaga. Karani akamwona kupitia dirisha akiteremka, shuka jeupe begani, akimpa msimamizi karatasi, msimamizi akisoma, akinyoosha mkono kuelekea safu ya pili. Katapila likageuza shingo.

Aliporudisha macho ndani, mbele ya meza alisimama mama mmoja asiyemjua, na nyuma yake mwingine, na nyuma ya huyo mwanaume aliyevua kofia. Walikuwa wameona. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wamepanga foleni, moja, iliyonyooka kutoka mezani hadi mlangoni na kupotelea uani, na kila mmoja kashika alichokuja kubebea.

Miongoni mwao, karani alijua, yumo ndugu wa thelathini na nane.

Fundi alinyoosha mkono akazima kioo. Karani akachukua fomu nyingine, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza.

"Jina la marehemu?" akauliza.

Yule mama akasogea, akashika ukingo wa meza, akaanza kulitaja herufi moja moja, polepole, asije akakosewa.